Maisha ya Krapf ni funzo kwa Wakristo wanaozozana

Mwezi uliopita nilisafiri hadi kijijini kumzika mwalimu aliyenifunza katika shule ya msingi. Marehemu alibatizwa utotoni katika dhehebu moja, akalitumikia kwa miaka mingi akiwa mzee wa kanisa, kisha katika miaka yake ya mwisho akawa anakwenda kusali pamoja na mkewe katika dhehebu jingine lililo ng'ambo ya barabara. Siku ya mazishi viongozi wa makanisa hayo mawili walifika wakiwa wamevalia majoho, na kila upande ukadai kuwa ndio wenye haki ya kuongoza ibada. Maneno yakawa mengi. Jeneza lilikaa juani kwa zaidi ya saa mbili, na mjane akaketi kando yake kimya huku wajukuu wakimpungia hewa kwa leso. Hatimaye vijana wa ukoo walichoka kungoja, wakaliinua jeneza na kulishusha kaburini wakiimba wimbo ambao pande zote mbili ziliujua. Wachungaji waliufuata umati kimyakimya.

Nilirudi chuoni nikiwa na uchungu moyoni. Wiki hiyo nilipaswa kuwafunza wanafunzi wangu historia ya kamusi za Kiswahili, somo ambalo haliwezi kuanza bila kumtaja Johann Ludwig Krapf. Nimelifunza somo hilo kwa miaka mingi, lakini safari hii nilimtazama mtu huyo kwa jicho jingine. Nilikuwa nimemjua kama mwanaisimu. Nikaanza kumwona kama Mkristo ambaye, kwa muda mrefu wa maisha yake, alifanya kazi na watu ambao hawakuwa wa kanisa lake. Naomba msomaji aniruhusu nimsimulie maisha yake, kwani naamini yana jambo la kutuambia, sisi walimu na wanafunzi hasa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima na waumini wa Kanisa la Kilutheri. Alipokuwa mvulana, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Katika ugonjwa huo alisoma Biblia kwa bidii, na ndipo moyo wake ulipoanza kuelekea dini. Baadaye shuleni alionyesha kipaji kikubwa cha lugha. Pia alivutiwa na ramani ya Afrika, ambayo siku hizo ilikuwa na nafasi tupu nyingi, kwa kuwa wachoraji wa Ulaya hawakujua lolote kuhusu watu waliokuwa wakiishi huko.

Alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel, nchini Uswisi. Chuo hicho kilitokana na misheni iliyoanzishwa mwaka wa 1815, na ndani yake Walutheri wa Ujerumani na Wakristo wa mapokeo ya Calvin kutoka Uswisi walisoma pamoja, ingawa makanisa yao yalikuwa yamebishana kwa karne nyingi kuhusu maana ya mkate na divai katika Meza ya Bwana. Krapf aliondoka Basel kabla ya kuhitimu, akasomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, akahudumu kwa muda mfupi kama mchungaji msaidizi, kisha wito wa umisionari ukamrudia.

Hapa ndipo jambo la kwanza linalonishangaza linapotokea. Waliomtuma Afrika hawakuwa Walutheri. Alichukuliwa na CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza. Chama hicho kilikuwa na fedha lakini kilikosa Waingereza wa kutosha waliokuwa tayari kwenda, ilhali Basel ilikuwa na vijana wengi waliokuwa tayari lakini haikuwa na uwezo wa kuwatuma wote. Basi Waanglikana wakawaajiri Walutheri. Ushirikiano huo haukuzaliwa na mikutano mikubwa ya theolojia bali na haja ya kazi, na ukadumu kwa miongo kadhaa. Bila huo, yamkini historia ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kirumi ingekuwa nyingine.

Mwaka wa 1837 Krapf alikwenda Uhabeshi, yaani Ethiopia. Huko alijionea jinsi Wakristo wanavyoweza kuumizana. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walifukuzwa kutoka Adwa, na mwenyewe aliamini kwamba kufika kwa Wakatoliki kutoka Ulaya kulichangia kufukuzwa huko, kwani wageni hao walikuwa wakishindania sikio la mtawala yule yule. Alihamia Shoa, akakaa huko kuanzia mwaka wa 1839 hadi 1842, na akakuta Kanisa la Uhabeshi lenyewe limegawanyika kwa mabishano makali kuhusu idadi ya kuzaliwa kwa Kristo, kama ni mara mbili au tatu. Wasomi wa dini walitengana, na watawala wakaingilia. Wakati huo huo Krapf alijifunza lugha ya Waoromo na kuanza kuitafsiria Injili. Mlango wa Uhabeshi ulipofungwa kabisa, aliamua kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, kupitia pwani yetu.

Alifika Unguja Januari 1844 pamoja na mkewe Rosina, waliyeoana huko Misri mwaka wa 1842. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamemzika mwaka wa 1843 katika safari ya Uhabeshi. Sayyid Said, sultani Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, na mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Miezi miwili baadaye homa iliwashika wote wawili. Rosina alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13 Julai, na mtoto naye akamfuata baada ya muda mfupi. Kabla ya kukata roho alikuwa ameomba azikwe bara, wala si kisiwani, ili wapita njia walione kaburi lake na kukumbuka yaliyomleta. Alizikwa upande wa Nyali, na mnara wa ukumbusho uko huko hata leo.

Nililifikiria kaburi hilo niliporudi kutoka mazishi ya mwalimu wangu. Mjane yule wa kiume, akiwa bado mgonjwa wa homa, hakuwa na mchungaji mwenzake wa kumwongozea ibada. Hakukuwa na Mlutheri, Mwanglikana wala Mmethodisti wa kugombea mwili wa Rosina. Alipowaandikia wakubwa wake wa London, hakutoa malalamiko. Aliwaambia kwamba sasa kulikuwa na kaburi la pekee katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hilo lingekuwa ishara kuwa kazi imeanza. Kaburi la mke wa Mlutheri likawa mwanzo wa kazi ya Waanglikana nchini Kenya.

Mwezi mmoja kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Ali bin Modehin, kama Krapf mwenyewe alivyoliandika jina lake. Wanafunzi wangu hucheka kidogo ninapowaambia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: sura za kwanza za Biblia kwa Kiswahili zilipitia mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu. Baadaye Krapf alizipeleka Ujerumani hati za mashairi ya kale ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na Chuo cha Herkali, ambazo hadi leo watafiti wanazitumia.

Juni 1846 alifika mwenzake Johannes Rebmann, naye pia Mlutheri kutoka Württemberg aliyesoma Basel. Mwezi wa Agosti walihamia Rabai miongoni mwa Wamijikenda. Mtu wa kwanza kuukubali ujumbe wao alikuwa mlemavu aliyeitwa Mringe. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Wataalamu kadhaa wa Ulaya waliwakejeli kwa kudai kwamba kuna theluji karibu na Ikweta. Mwaka wa 1851 Krapf alirudi Ukambani. Kivoi akauawa na wavamizi karibu na mto Tana, naye Krapf akaponea chupuchupu, akitangatanga nyikani kwa njaa na kiu.

Marafiki hawa wawili hawakukubaliana katika kila jambo. Krapf alikuwa mtu wa safari na mipango mikubwa. Alitamani kuona mnyororo wa vituo vya misheni ukivuka bara zima kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi. Rebmann aliona kuwa kazi ya kweli hufanywa na mtu anayekaa mahali pamoja kwa saburi, akajifunza lugha na kungoja. Kila mmoja alishika njia yake. Krapf aliondoka mwaka wa 1853 afya yake ilipozorota. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka wa 1875, akaondoka akiwa kipofu. Alikwenda kukaa Korntal, mji alimoishi Krapf, akafariki mwaka wa 1876. Mwaka uliofuata ilichapishwa kamusi ya lugha ya Kinyasa ambayo Rebmann aliikusanya kwa miaka mingi. Aliyeihariri na kuitayarisha kwa ajili ya mtambo wa uchapaji alikuwa Krapf. Walitofautiana kuhusu njia, lakini aliyebaki hai hakuiacha kazi ya mwenzake iozee sandukuni.

Jambo la pili linalonishangaza lilitokea mwaka wa 1862. Baada ya kitabu cha safari zake kutoka kwa Kiingereza mwaka wa 1860, kilisomwa na Charles Cheetham, kiongozi mmoja wa United Methodist Free Churches za Uingereza. Kundi hilo lenyewe lilizaliwa mwaka wa 1857 kwa kuungana kwa makundi mawili ya Wamethodisti waliojitenga na kanisa mama. Wamethodisti hao walitaka kufungua misheni, wakamwomba Krapf ushauri. Mtu mwingine angesema kwamba pwani ya Kenya tayari ina wenyewe, kwamba CMS ilikuwa imepoteza watu na mali huko, na kwamba wageni watafute shamba jingine. Krapf, aliyekuwa na umri wa miaka 52 na mwili uliodhoofika, alipanda meli akawaleta mwenyewe. Aliandamana na Thomas Wakefield na James Woolner, pamoja na vijana wawili kutoka chuo cha Chrischona karibu na Basel, akawatafutia mahali Ribe, si mbali na Rabai alikokuwa rafiki yake Rebmann. Woolner na wale vijana wawili walirudi kwao upesi. Krapf naye akaondoka baada ya miezi michache. Wakefield alibaki, akafanya kazi kwa zaidi ya miaka 20.

Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Rabai ya Waanglikana na Ribe ya Wamethodisti zilikaa, na mtu aliyefungua lango la zizi hakuwa Mwanglikana wala Mmethodisti. Ninapowaeleza wanafunzi jambo hili, huwauliza ni kiongozi yupi wa dini leo, katika mtaa wowote wa miji yetu, angesafiri majuma mengi baharini ili kulipandia mbegu kanisa lisilo lake jirani na lililo lake. Hawajapata kunijibu haraka.

Nisieleweke kuwa namfanya Krapf malaika. Umoja alioupenda ulikuwa na ukuta. Wakatoliki aliwahofu na kuwapinga kama Waprotestanti wengi wa zama zake walivyofanya, na yaliyompata Adwa hayakumlainisha. Aliipendelea hati ya Kirumi badala ya ile ya Kiarabu, ambayo Waswahili waliitumia kwa karne nyingi, na sababu yake mojawapo ilikuwa hofu ya Uislamu, hata ingawa Waislamu ndio waliompokea na kumsaidia. Baadhi ya aliyoyaandika kuhusu desturi za Wamijikenda yana dharau ambayo hatuwezi kuitetea. Twaweza kujifunza kwa mtu bila kuufuata ukuta wake.

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imetoka mwaka wa 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka wa 1882, mwenyewe akiwa tayari amezikwa. Kamusi hiyo ilijengwa hasa juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Na hapa somo langu la isimu linakutana na mazishi ya mwalimu wangu. Baada ya Krapf, Waanglikana wenyewe, watu wa kanisa moja, walishindwa na lile ambalo Mlutheri huyo aliliweza. Wale wa CMS walikuwa Mombasa. Wale wa UMCA, waliokuwa karibu zaidi na desturi za Kikatoliki katika ibada, walikuwa Unguja. Kila upande ulishika lahaja ya mahali ulipokaa. Biblia kamili ya Kiunguja ilitoka mwaka wa 1891, na ya Kimvita mwaka wa 1914. Mmoja alisoma nchi, mwingine nti. Mmoja aliitwa njoo, mwingine ndoo. Tofauti hizo za matamshi ni ndogo, na zingesameheka kwa urahisi, lakini nyuma yake kulikuwa na tofauti za makanisa zisizosameheka. Mwaka wa 1913, katika mkutano wa Kikuyu, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine walipojadili shirikisho na kushiriki Meza ya Bwana pamoja, askofu wa Unguja, Frank Weston, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Kesi ya kule Kikuyu ikabishaniwa hadi Uingereza.

Hata hivyo mbegu haikufa. Wamisionari Waprotestanti waliunda ushirika wao mwaka wa 1918, na kutokana nao ikazaliwa Alliance High School mwaka wa 1926. Wengi wanaolitaja jina la shule hiyo hawajui kwamba ni jina la maafikiano ya makanisa. Nayo Biblia ya Muungano, iliyozikutanisha Mombasa na Unguja, ilikamilika mwaka wa 1952, miaka 108 baada ya Krapf na kadhi wake kukifungua kitabu cha Mwanzo. Katika miaka ya 1990 ikatoka Biblia Habari Njema, ambayo Wakatoliki na Waprotestanti waliitafsiri kwa pamoja. Ukuta ambao Krapf hakuweza kuuvuka ulivukwa katika lugha ile ile aliyoiandikia kamusi.

Sidai kwamba madhehebu yote yayeyuke yawe kanisa moja. Mazungumzo ya kuyaunganisha makanisa ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 hayakuzaa kanisa hilo, na sioni aibu katika kutofautiana kwa dhati juu ya mambo ya imani. Lahaja si ugonjwa wa lugha. Mtu wa Mvita hana haja ya kukiacha Kimvita chake ili aelewane na mtu wa Unguja. Anahitaji tu kuamini kwamba mwenzake naye anasema Kiswahili. Krapf alibaki Mlutheri hadi kufa, na Wakefield alibaki Mmethodisti. Walichokataa ni kuufanya ubatizo wa mwenzao kuwa lugha ya kigeni.

Walimu wenzangu, tunaona katika shule zetu jinsi wanafunzi wanavyogawanyika Jumapili kwa makundi, na wakati mwingine kundi moja likaliita jingine watu waliopotea. Watoto hao hawakuzaliwa na maneno hayo. Wameyasikia kwa watu wazima. Tunapowafunza historia ya Kiswahili, tusiishie kwenye tarehe ya kamusi. Tuwaeleze ni nani aliyemlipia nauli mwandishi wake, ni nani aliyemsaidia kutafsiri, na ni akina nani aliowaleta Ribe. Wanafunzi walio karibu na Rabai waende wakalione kanisa la kale lililo jumba la makumbusho, kisha wafike Nyali walitazame kaburi la Rosina.

Nami nimewaandikia wachungaji wale wawili wa kijijini, kila mmoja barua yake, nikiwaomba wafike pamoja nyumbani kwa mjane siku ya kusimika msalaba. Mmoja amekubali. Wa pili bado sijapata jibu lake.